Mwanangu, usimwite mtoto jina la bundi

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila goti langu. Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na mumeo akiwa pembeni naona haya kusema yote.

Blodeuwedd, hilo jina la Wales mnalotaka kumpa mtoto atakayezaliwa. Nimelifanyia mazoezi jikoni wiki nzima. Kulitamka hakunishindi, mumeo alinieleza kwamba dd yao ni dh yetu ya dhahabu, na ch yao ni kh ya Khadija, nikaona kumbe ulimi wa pwani na ulimi wa Wales si mbali sana. Jina lenyewe nililipenda uliponiambia maana yake ni uso wa maua. Kisha nikamwomba mumeo anisimulie huyo mwanamke ni nani, maana jina huja na mwenyewe, naye, Mungu ambariki, hakunificha kitu. Kwamba ni katika hadithi zao za kale za Mabinogi. Kwamba wachawi wawili walimuumba kwa maua ya mwaloni na maua mengine ya porini, wakamwoza kijana ambaye yeye hakumchagua. Akampenda mwingine, wakapanga kumuua mume, na mwisho akageuzwa bundi, asithubutu kuonekana mchana mbele ya ndege wenzake.

Bundi, Rehema. Wewe ulikuwepo usiku ule alipolia juu ya mwembe wetu, na asubuhi yake unaijua. Usiniambie eti huko Cardiff bundi ni ndege tu, wanamchora kwenye vikombe. Mtoto huyu ana kwao kuwili. Siku mtakapomleta Tanga, shangazi zako watauliza maana ya jina lake, na mimi sitawadanganya.

Sisemi aitwe jina la kwetu. Watu wa mumeo wamehangaika na lugha yao, wameipigania mpaka leo cheti cha kuzaliwa kinaweza kuandikwa kwa Kiwelisi na Kiingereza pamoja, na mtu anayependa lugha ya mama yake kiasi hicho namheshimu. Kwa hiyo aitwe jina la Wales. Lakini majina yao si hilo moja. Ile orodha mliyonitumia nimeisoma yote, miwani puani. Eira ni theluji, sitaki, mtoto ataanza maisha na baridi. Enfys ni upinde wa mvua, zuri, ingawa mumeo anasema f yao ni v, hapo nachanganyikiwa. Carys linatokana na kupenda. Seren ni nyota. Mali, najua ni kama Maria kwao, na ni jina la wasichana wengi, lakini hapa pwani mtoto wa kike aitwe Mali? Unajua nini kiliuzwa kwenye bandari hizi. Hapana.

Nia sikulitegemea kabisa. Nilidhani umelichomeka wewe. Kumbe ni lao, wamelitoa kwenye Niamh ya Waayalandi, na kwao maana yake mng'ao. Kwetu ni nia. Mtoto mmoja, jina moja, na bibi wa huku na bibi wa huko wote wanamwita bila kujiuma ulimi. Lakini sikulazimishi. Nakukataza bundi tu.

Kuna neno nataka kulisema, nawe usilijibu. Ulipoingia kidato cha kwanza ukataka uandikwe Rehema, sikukusemesha siku nyingi, nikawaambia watu umeidharau familia. Ulikuwa na haki. Miezi ile niliyokubeba nilikuwa na mambo yangu na baba yako, na mtoto alipotoka nikamwita Taabu, nikaona nimefanya kama wazee walivyofanya. Juzi mumeo alinisimulia pia kuhusu Rhiannon, mama wa Kiwelisi aliyesingiziwa kwamba amemuua mwanawe mchanga, akaadhibiwa kubeba wageni mgongoni. Mtoto aliporudishwa, jina alilopewa likatokana na neno la mama yake, Pryderi, maana yake wasiwasi. Nikanyamaza. Ninyi mlidhani mtandao umekatika.

Kwa hiyo usiniambie sijui ninachosema kuhusu majina.

Wewe ni mwalimu, nasikia wanakupenda shuleni, na kila mgeni akija hapa namwonyesha picha yako mbele ya ubao. Lakini tangu utotoni ukitaka kitu cha ajabu hukitafuti mara mbili. Safari hii kitafute. Mumeo amesema mna siku 42 za kumwandikisha mtoto, basi msikimbilie. Akika ni siku ya saba. Ni msichana, mbuzi mmoja anatosha, mjomba wako ameshamtafuta Handeni, tutamchinja hapa na nyama itagawiwa majirani. Sasa huyo anayechinjiwa tumtaje nani? Nijibu kabla ya siku hiyo, nisije nikasimama mbele ya sheikh nikameza mate.

Ukishajifungua usishike maji ya baridi. Uji uwe na pilipili manga ya kutosha, na ukae ndani arobaini, hata kama mama mkwe wako anasema hewa ya nje ni nzuri. Mwambie kwa upole. Ningekuja mwenyewe kukukanda, viza bado, na sitaki kulisema sana hilo nisije nikalia.

Anayekuja huko mwezi ujao nimempa doti mbili za kanga za kumbebea mtoto. Jina la kanga utalisoma mwenyewe. Nimetia na mafuta ya nazi chupa moja, nimeifunga kwa nailoni mara tatu, ikivuja usinilaumu mimi.

Zile hela za tenki zimefika. Fundi amekuja, kaweka bomba, lakini koki ya uani bado inadondosha na amesema atarudi Jumamosi. Hakurudi. Mdogo wako anataka kuhamia chumba chako, nimemwambia asiguse kabati mpaka wewe useme. Umeme tunanunua kidogo kidogo.

Nipigie Ijumaa baada ya swala, ukiwa peke yako. Unitajie jina kwa mdomo wako, nilisikie.

Mama yako