Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kinyama cha mgongo na chupa ya pili

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Husika na kichwa cha habari hapo juu, ingawa jambo lenyewe linaenea kwenye kiganja.

Mimi ni mtu wa maabara. Siku moja nililetewa kichupa kutoka chumba cha upasuaji, ndani yake kinyama kilichotolewa kwenye pingili za mgongo wa mama mmoja. Hakikuzidi punje mbili za mchele. Fomu ilisema: kuotesha (kukuza vijidudu ili vitambulike), TB na fangasi. Nikafungua kifuniko, harufu ikanipanda puani. Fomalini, dawa ya kuhifadhia vinyama! Hiyo huua kila kilicho hai. Hapakuwa na cha kuotesha tena.

Yule mama alikuwa na miezi minane kwenye dawa za TB, alizoanzishwa kwa kutazama picha tu, na bado alitembea kashika kiuno. Simlaumu aliyemwanzishia. Kwetu pingili zikiliwa, TB ndiyo ya kwanza kushukiwa, na mara nyingi ndiyo yenyewe. Kwenye picha fangasi huweza kufanana nayo kama pacha. Wenzetu wa darubini waliziona nyuzi za fangasi. Lakini fangasi gani? Fangasi aina ya kandida nyingi husikia dawa iitwayo flukonazoli. Aina ya aspajilasi haisikii, hutaka dawa nyingine, vorikonazoli. Na mgonjwa akimeza vorikonazoli pamoja na rifampisini ya TB, rifampisini hulifanya ini liiteketeze kabla haijafanya kazi. Kwa hiyo ule mtindo wa "tumpe zote, moja itashika" ni hasara tupu, tena kwa tiba inayoweza kwenda miezi sita hadi mwaka. Ikabidi mama arudi mezani, achomwe sindano ya mgongo upya ili kinyama kingine kitolewe.

Ninachoomba ni waraka mmoja. Kinyama kikitoka mgongoni kigawanywe palepale: kipande kiende fomalini kwa ajili ya darubini, kingine kwenye chupa tasa (isiyo na kijidudu chochote) yenye matone ya maji ya chumvi, kije kwetu kwa GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya TB, na kuoteshwa, bakteria na fangasi. Sahani za fangasi zikae hadi wiki nne, zisitupwe siku ya tano eti inkubeta, kabati la joto la kuoteshea, imejaa. Vorikonazoli imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2017; ipatikane hospitali za rufaa, familia zisiizungukie maduka ya mjini.

Na fomu yetu ya sampuli ina mstari mmoja tu wa "chombo". Uongezwe wa pili.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa maabara