Barua kwa Mwanangu Kuhusu Nyange

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Nimemshukuru Mungu kusikia u mzima huko Kasulu na kwamba parokia imekupa watoto wa kipaimara uwafundishe. Ila nimeisoma barua yako mara mbili kwa sababu ya jibu ulilompa yule mtoto. Alikuuliza iweje mapadre washiriki mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, Watutsi walipouawa na jirani zao Wahutu, nawe ukamwambia wale hawakuwa Wakristo, walikuwa wanyama tu. Najua ulitaka kumlinda. Lakini jibu hilo si la kweli, na linatuweka sisi pembeni kama watu ambao hayo hayawahusu.

Wakristo walikuwa. Mwaka 1946 mfalme Mutara Rudahigwa aliiweka Rwanda nzima chini ya Kristo Mfalme, na kufika 1994 sehemu kubwa kabisa ya watu ilikuwa imebatizwa. Walioua walipanga foleni ya komunyo na wale waliokuja kuwaua.

Chukua Nyange, parokia ya magharibi mwa Rwanda. Aprili 1994 Watutsi walikimbilia kanisani kwa sababu katika machafuko ya miaka ya nyuma kanisani ndiko watu walikopona. Paroko alikuwa Athanase Seromba. Likaletwa tingatinga, kanisa likaangushwa juu ya watu wasiopungua 1,500. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha kuhukumu mauaji hayo iliridhika kwamba padre huyo ndiye aliyemwonyesha dereva upande ulio dhaifu. Baadaye alikwenda Italia, akaendelea kuadhimisha misa kwa jina jingine, mpaka alipojisalimisha mwaka 2002. Mwaka 2008 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Wala usidhani ni aibu ya Wakatoliki peke yetu. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Waadventista alihukumiwa hapo hapo Arusha, 2003, kwa kuwapakia washambuliaji kwenye gari lake. Alisimama kizimbani na mwanawe, daktari: baba miaka 10, mwana miaka 25. Mimi kama mzazi nashindwa kuivuka habari hiyo. Mtoto alilelewa katika nyumba ya sala, akasomeshwa hadi akawa mganga wa watu.

Haya hayakuja ghafla. Tangu miaka ya 1930 Wabelgiji, waliokuwa wakiitawala Rwanda, waliandika kabila kwenye kitambulisho cha kila mtu. Redio ikaja kuwaita Watutsi mende. Kuua kukaitwa kazi, na asubuhi wanaume wakaondoka na mapanga kama waendao shambani. Kila hatua iliifanya inayofuata ionekane ya kawaida, na waumini walizipanda zote huku wakisali. Nawe sasa umewaita wauaji wanyama. Mwanangu, mnyama hana dhambi. Wale walikuwa watu wenye dhamiri, ndiyo maana Mungu anawadai damu ya ndugu zao kama alivyomdai Kaini, na ndiyo maana ilikuwa haki wafikishwe mahakamani. Yeremia anasema moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote, na hakuuondoa moyo wa aliyebatizwa. Ubatizo si hirizi. Unatufungulia njia, lakini miguu ya kuipita ni yetu.

Sisi wa Ngara hatukusoma haya magazetini. Mto Kagera ulileta maiti mpaka Ziwa Victoria, watu wakaacha kula samaki. Tarehe 28 Aprili wakimbizi walianza kuvuka mpaka pale Rusumo, watu wapatao 250,000 katika saa 24. Tulisikilizana nao bila mkalimani kwa kuwa Kihangaza chetu na lugha yao ni ndugu. Tuliwapa maji. Miongoni mwao walikuwamo waliotoka kuua, na sura zao zilikuwa za wakulima waliochoka, kama baba zako wadogo. Mpaka leo hilo ndilo linalonitisha kuliko maiti.

Kwa hiyo mwambie mtoto ukweli, na jina la padre umtajie. Kisha umweleze habari za Félicité Niyitegeka wa Gisenyi. Alikuwa Mhutu, ndugu yake ofisa wa jeshi. Huyo ndugu alimtumia ujumbe aondoke ajiokoe, naye akakataa kuwaacha Watutsi aliowaficha. Aliuawa pamoja nao tarehe 21 Aprili. Na umrudishe Nyange penyewe, Machi 1997, wauaji walipoingia usiku katika shule ya sekondari wakaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakajibu kwamba wote ni Wanyarwanda. Walipigwa risasi, baadhi yao wakafa. Walikuwa watoto wa umri wa kidato. Neema niliyoiona katika historia yote hii iko hapo: watu wa kawaida waliokataa kutenganishwa, wakijua gharama yake.

Kuhusu kusamehe, usimfundishe mtoto kwamba Mkristo anamwamuru aliyefiwa asamehe haraka. Papa Francis mwaka 2017 aliomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji yale, na kuomba ndiko kunakotupasa sisi. Wakati wa kutoa ni wa walioumizwa.

Lipo moja bado. Hapo Kasulu mko jirani na kambi ya Nyarugusu. Nasikia hata huku watu wanavyowasema wakimbizi wa Burundi na Kongo, kwamba wote ni wezi, kwamba wanajaa kama nzige. Likisemwa bwenini, au kwenye ngazi za kanisa baada ya misa, usicheke na wenzako. Pinga hapo hapo, hata ukibaki peke yako. Nami sokoni Ngara nitafanya vivyo hivyo.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako