Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Alama Zilizopo na Alama Tunazoziona

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama ziko sawa na mhazini atazisoma mwenyewe, hivyo naomba nitumie nafasi yangu kwa jambo lililokula vikao vyetu vingi mwaka huu, yaani alama ambazo baadhi yetu tunaziona kwenye sarafu za kale lakini wenzetu, wakizishika sarafu hizo hizo, hawazioni.

Nianze na kosa langu. Nilileta kikaoni heller 20 ya Tabora ya mwaka 1916, sarafu ya enzi ya Wajerumani hapa kwetu, nikawaonyesha jahazi lenye tanga kando ya taji, na kwa kuwa nilitangulia kulitaja, karibu kila aliyeishika sarafu aliliona. Mwenzetu mmoja alichelewa kivuko cha kutoka Ukerewe, akaingia bila kusikia neno lolote kuhusu jahazi. Aliigeuza sarafu mara mbili, akasema anaona kutu ya kijani. Ilikuwa kutu.

Sarafu hizo za Tabora zina mtego wa pekee. Zilipigwa katika karakana ya reli wakati wa vita, baada ya manowari za Waingereza kuziba njia ya bahari, kwa shaba nyekundu na shaba ya njano, na kazi yenyewe ilifanywa kwa haraka. Tofauti za kweli zipo: kuna taji kubwa na taji dogo, na ncha za herufi L katika neno HELLER hazifanani kwenye sarafu zote. Mtu akishayajua haya, jicho lake halitulii tena; kila mkwaruzo unakuwa herufi na kila doa linakuwa sura. Sisi tuliokulia kati ya mawe ya Mwanza, tukibishana utotoni kama jiwe fulani ni mzee aliyeinama au ni kiboko, tusijifanye tumepona.

Wala si sisi peke yetu. Noti za Kanada za mwaka 1954 zilibadilishwa baada ya watu kuona uso wa shetani katika nywele za Malkia Elizabeth, ingawa hakuna aliyethibitisha kwamba mchoraji alikusudia hivyo.

Kamati imekubaliana kwamba anayedai alama mpya asiitaje kwanza. Ataikabidhi sarafu kwa wanachama 2, kila mmoja peke yake, nao waandike wanachokiona kwa lenzi, taa ikiwa upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Kivuli huhama taa inapohama, lakini mstari uliotokana na ufa katika muhuri wa kupigia sarafu huinuka juu ya uso wa sarafu na hubaki palepale, tena huonekana kwenye sarafu nyingine zilizopigwa kwa muhuri huo. Mkwaruzo, kwa upande wake, huzama, na ni wa sarafu hiyo moja tu. Alama isiyopita hapo haitaandikwa katika daftari letu, wala isitumiwe kupandisha bei mbele ya mwanachama mgeni, jambo ambalo, kwa masikitiko, lilitokea mwaka huu.

Jahazi langu nimelifuta daftarini kwa mkono wangu. Sarafu yenyewe nitakuja nayo kikao kijacho, kwa wale ambao bado wananiambia faraghani kwamba tanga wanaliona.