Magnesiamu tunaikoboa mashineni, kisha tunainunua dukani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie vidonge vya magnesiamu, ambavyo siku hizi hapa Tanga vinauzwa kuanzia maduka ya dawa ya Ngamiani hadi kwenye meza za wachuuzi, vikisifiwa kuwa vinatibu kukosa usingizi, misuli inayobana usiku, shinikizo la damu na hata uchovu wa kawaida wa mtu aliyeshinda juani.

Umuhimu wa madini haya sina ubishi nao. Mwili wa mtu mzima una gramu zipatazo 25 za magnesiamu, zaidi ya nusu yake ikiwa mifupani, na vimeng'enya, yaani vichocheo vya kazi za kikemia mwilini, zaidi ya 300 huitegemea katika kuzalisha nguvu, kutengeneza protini na kuendesha misuli, ule wa moyo ukiwemo. Hospitalini, sindano ya magnesiamu salfeti ndiyo tegemeo la mjamzito aliyepatwa na kifafa cha mimba. Hata hivyo, hiyo ni tiba inayotolewa kwa kipimo na chini ya uangalizi, wala si ushahidi kwamba kidonge cha mchuuzi kitamfaa kila mpita njia. Kwa wazee wanaobanwa na misuli usiku, tafiti zilizolinganisha vidonge hivyo na vidonge visivyo na dawa hazikuonyesha nafuu ya maana. Shinikizo la damu hushuka kidogo tu, kiasi kisichotosha kumfanya mgonjwa aache dawa alizoandikiwa.

Kinachonishangaza ni kwamba tunatafuta dukani kitu tunachokitupa mashineni. Mwanamume mtu mzima anahitaji miligramu 400 hadi 420 kwa siku, na mwanamke asiye mjamzito 310 hadi 320. Katika punje ya mahindi, magnesiamu nyingi imo kwenye kiini na ganda, sehemu zilezile zinazoondolewa na kinu cha kukoboa. Gramu 100 za dona zina miligramu zipatazo 90 au zaidi, ilhali sembe iliyokobolewa sana hubaki na takriban theluthi ya kiasi hicho. Pumba huchukuliwa na wafugaji, na kwa upande huu ng'ombe wao wa maziwa wanakula vizuri kuliko sisi. Najua dona ina lawama zake: si nyeupe, huchacha mapema kwa sababu ya mafuta ya kiini, na wapo wanaoona haya kumpakulia mgeni. Hilo la kuchacha lina dawa, nayo ni kusaga kidogo kidogo badala ya kusaga gunia zima kwa mara moja.

Kunde, choroko na maharage nayo yana magnesiamu ya kutosha. Gramu 30 za korosho hutoa miligramu zipatazo 80, na mbegu za maboga zilizomenywa, kwa uzito huohuo, huzidi 150, ingawa majumbani mwetu mara nyingi huishia jalalani. Mchicha upikwe kwa maji machache ambayo hayatamwagwa, kwa kuwa sehemu ya madini huyeyukia humo. Wanaotegemea chumvi ya bahari wajue kwamba chumvi inapoganda katika mashamba ya chumvi, magnesiamu nyingi hubaki katika maji machungu yanayosalia.

Wapo wanaohitaji vidonge kweli: wenye kuhara kwa muda mrefu, walevi wa kupindukia, baadhi ya wenye kisukari, na wanaotumia kwa muda mrefu dawa za kukojoza au za kupunguza asidi tumboni. Hao waamuliwe na daktari, tena si kwa kipimo cha damu peke yake, maana chini ya asilimia 1 ya magnesiamu ya mwili ndiyo iliyomo katika majimaji ya damu, na kipimo kinaweza kuonyesha hali njema wakati akiba imepungua.

Kwa wauzaji wa dawa nina ombi moja, kwamba kabla ya kupokea pesa wamuulize mnunuzi kama ana ugonjwa wa figo. Figo ndizo zinazotoa magnesiamu iliyozidi, na zikishindwa, madini hayo hurundikana hadi kulegeza misuli, kushusha mno shinikizo la damu na kuvuruga mapigo ya moyo.

Msomaji wako,
Makorora, Tanga