Tafakari zetu zimejaa maneno ya mimbarini, tufanyeje?

Mhariri, Bwana Yesu asifiwe.

Tunahariri tafakari za jarida la usharika, kila moja maneno kama 400, na tumekwama kwenye lugha. Waandishi wetu Biblia wanaijua, ila wakishika kalamu msamiati ni uleule: "kuinuliwa", "viwango vingine", "kufunguliwa". Mimbarini maneno hayo hubebwa na sauti ya mhubiri. Kwenye karatasi msomaji hajui dada "aliyefunguliwa" alikuwa amefungwa na nini: ulevi, deni, hofu au maradhi. Tukimrudishia mwandishi rasimu ataje kitu chenyewe, aya inachangamka papo hapo. Toleo linalofuata amerudi kulekule.

Wengine wameegemea tafsiri ya Biblia ya Union Version ya 1952. Hazina imo, hatubishi: 1 Wakorintho 13 inakupa "hauhusudu" na "hautakabari", na Zaburi ya 23 inaonyesha kazi ya hu- katika "hunilaza" na "huniongoza", jambo la siku zote. Lakini mwendo wa -ka- wa masimulizi ya tafsiri hiyo wanauhamishia kwenye habari ya abiria wa daladala: "akainuka, akaenda, akasema", sentensi baada ya sentensi, bila hata -li- ya kuanzia. Vijana waliozoea Biblia ya Habari Njema, tafsiri ya lugha nyepesi, hawaielewi "takabari". Wazee nao wakikuta "kujivuna" peke yake wanasema tumelilegeza Neno.

Tumewashauri wawe na daftari la msamiati. Wanaonakili neno na maana yake tu kutoka kwenye kamusi huliweka pasipo pake. Mfano ni "kukithiri". Maana yake ni kuzidi, sawa, lakini masikio yamezoea rushwa imekithiri, uhalifu umekithiri. Kwa hiyo "upendo umekithiri usharikani" inasomeka kama lawama. Wanaoandika neno pamoja na sentensi nzima walimolikuta hukosea mara chache zaidi. Zoezi jingine linalosaidia ni kusoma aya ya Biblia kwa sauti, kuifunga, kuiandika kwa maneno yako, kisha kulinganisha vitenzi. Kasoro yake ni kwamba linanoa usimulizi tu. Sehemu ya mafundisho inabaki butu.

Tunaomba ushauri. Je, tupige marufuku maneno yaliyochakaa, au tutaua sauti ya mwandishi? Neno gumu la Biblia lifafanuliwe ndani ya sentensi au chini ya ukurasa? Na ni zoezi gani litakalomfaa anayeandika mafundisho, siyo kisa?

Wahariri wa jarida la usharika,
Iringa