Shemeji, mafuta hayakuisha

Shemeji yangu,

Mafuta hayakuisha. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana tangu Jumamosi ile ya Agosti 2024 umeisimulia habari yangu msibani, umeisimulia kijiweni pale Mwanga, na juzi umeiandika kwenye grupu la ukoo: "Shemeji katoka Kibirizi na mama mkwe wake bila mafuta." Yaani boti yangu ilizima Ziwa Tanganyika baada ya kutoka ufukwe wa Kibirizi hapa Kigoma, nawe unawaambia watu niliishiwa mafuta. Mashangazi wamecheka mpaka wa Kasulu. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni kaka wa mke wangu, na mtu hagombani na alikooa. Lakini umelitoa barazani, basi na mimi nalijibu barazani.

Kwanza nikukumbushe kwamba siku ya kuikagua ile boti tulikuwa wawili. Muuzaji alikuwa anaachana na uvuvi arudi kwenye michikichi yake. Boti ya faiba, futi 18, na mashine ya nguvu za farasi 15, zile za kuchanganya petroli na oili. Akaitumbukiza mashine kwenye pipa la maji uani kwake, akavuta kamba mara moja tu, ikawaka. Ikakojoa maji pembeni vizuri kabisa. Wewe ukapiga makofi ukasema, "Shemeji, hii haina hata kikohozi." Nami nikatoa pesa.

Simlaumu yule mzee. Alituambia wazi kwamba mashine haijagusa ziwa tangu Mei, na sisi tukatikisa vichwa kama watu wanaojua maana yake. Ziwa lilikuwa limefungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapumue, na boti za wavuvi zikapandishwa mchangani. Ya kwake ilipandishwa na petroli ikiwa bado ndani ya kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa. Ugonjwa ulianzia hapo, sisi tukiwa hata jina lake hatulijui.

Petroli ikilala miezi mitatu kwenye kabureta haibaki petroli. Ile nyepesi inaruka, kinachobaki ni utomvu unaoganda kwenye tundu za jeti, vile vipua vya kupitishia petroli, na tundu zenyewe ni nyembamba kama za sindano. Mashine ikiwa ndani ya pipa inanguruma taratibu, inakunywa kidogo, kinjia kilichobaki kinaitosha. Ipeleke ziwani na watu sita, ufungue moto, yaani uiongezee petroli ikimbie, itadai chakula chake chote na chakula hakipiti. Pipa halina mzigo, halina wimbi, wala halina mama mkwe.

Sasa siku yenyewe. Tulifika Kibirizi kama saa tatu asubuhi, boti za kutoka vijiji vya kaskazini zikiwa zinashusha abiria na mikungu ya ndizi. Safari yetu ilikuwa ya kijiji cha Mtanga, mama akamsalimu mdogo wake ambaye hawajaonana tangu mwaka wa juzi. Dada yako alibeba sufuria la wali na migebuka ya kukaanga. Watoto wetu wawili, na yule mpwa wangu wa darasa la tano asiyefunga mdomo. Jaketi okozi zilikuwa sita, mbili za kuazima, kila mtu na yake. Hilo sijaliona kwenye grupu. Na tenkini nilitia lita 20 kwa mkono wangu, oili mililita 400, hamsini kwa moja, dada yako ndiye aliyeshika faneli.

Mashine ikawaka. Lakini nilipoipa moto kidogo ilikohoa mara mbili, ikashuka, ikapanda tena. Nahodha mmoja aliyekuwa anapanga magunia boti ya pili aligeuka akaniambia, "Mzee, hiyo ina uchafu. Iangalie kwanza." Nilimsikia, shemeji. Nilimsikia vizuri kabisa.

Ila mama alikuwa ameshaingia. Unamjua mama yako: vijana wawili walimpandisha mikononi asilowe, kitenge kipya, mwavuli, akakaa, akafumba macho akasali, akafumbua akasema haya. Sasa mimi mkwe wake nimwambie ashuke, abebwe tena kama gunia mbele ya Kibirizi nzima, kwa sababu mashine imekohoa? Nikasema, "Itachangamka mbele." Kosa langu ni hilo, sina lingine kubwa kulishinda. Ukitaka kuandika kwenye grupu, andika hilo.

Tulikwenda vizuri kwa muda, nusu moto. Tulikuwa tunaikaribia Kalalangabo mashine ilipopunguza sauti pole pole kama mtu anayesinzia, ikazima. Nikavuta kamba, kimya. Nikaiminya ile pampu ya mpira iliyo kwenye mpira wa mafuta, ikabaki imebonyea kiganjani, haitaki kujaa. Nikakodolea macho mashine, nikafungua kifuniko chake, nikagusa waya ambazo sizijui kazi yake. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, tenki limekonda."

Nikamwambia anyamaze. Kisha nikaangalia. Tenki la plastiki lilikuwa limeingia mbavu kwelikweli. Juu ya mfuniko wake pana skrubu ndogo ya hewa. Ukisafirisha tenki unaifunga, ukiwasha mashine unaifungua. Sikuifungua. Mashine ilikuwa inanyonya mafuta kwenye tenki lisilovuta pumzi. Nilipoizungusha ilitoa mluzi, fiiii, tenki likarudisha mbavu zake, pampu ikajaa, kamba ya pili ikawaka. Watoto wakashangilia. Mama akanisifu, "Mkwe wangu fundi." Kama ningegeuza pale turudi Kibirizi, leo ningekuwa nasifiwa na wewe pia.

Sikugeuza. Nikaona nifidie muda, nikafungua moto wote. Ikaenda kama mita mia mbili ikaanza kupiga chafya, nikirudisha moto inatulia, nikifungua inakata. Nikavuta choki, ile ya kupunguza hewa petroli izidi, ikanguruma vizuri, nikaiachia humo humo, sikujua kwamba nailowesha. Ikazima mara ya pili, na mara hii ilizima kweli.

Nilivuta ile kamba, shemeji, sijui mara ngapi. Shati lote maji, na siwezi kulivua mbele ya mkwe. Nikafungua kisanduku cha vifaa nichomoe plagi niikaushe. Bisibisi ipo, koleo ipo, spana ya plagi haimo. Hiyo spana nitarudi kwake. Nikavuta tena, na safari hii kamba ikakatika, nikaangukia sufuria la wali.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba milima haiko pale ilipokuwa. Agosti upepo wa kusi bado una nguvu zake, unatoka pembeni ya nchi kavu yetu unakusukuma nje. Ng'ambo, kwa moshi wa mashamba yanayochomwa kiangazi, huioni hata milima ya Kongo, unaona weupe tu, na weupe ule ndio tulikuwa tunaelekea. Kasia lilikuwa moja. Mpwa wangu alipiga kulia, boti ikazunguka. Akapiga kushoto, ikazunguka kwa huko.

Nikasema nitie nanga. Nilikuwa na kamba ya mita 30 na naiona nyingi. Nikaiteremsha, ikaenda, ikaenda, ikaisha yote mkononi mwangu, na nanga inaning'inia tu. Dada yako alinitazama hakusema neno. Mama akasema, "Mkwe, hiyo kamba inamtafuta nani huko chini?" Sote tulifundishwa shuleni kwamba Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, mita 1,470 mahali penye shimo kubwa. Niliandika jibu hilo kwenye mtihani nikapata. Siku ile nilikuwa nimeshika ncha ya kamba, upande wa pili hauna kitu, na ndiyo mara ya kwanza nililielewa jibu.

Sitakaa sana hapo. Watoto walilia kidogo wakachoka. Mama alikunjua mwavuli akaanza nyimbo za kwaya, moja baada ya nyingine. Dada yako akagawa migebuka, maana njaa haina adabu. Simu ilikuwa na mtandao wa kupotea na kurudi, nikakupigia wewe mara tatu, haikupokelewa. Nasema tu, silaumu.

Waliotutoa ni boti ya mizigo iliyokuwa inashuka kutoka kaskazini na mawese kwenye madumu ya njano. Nahodha alipunguza, akatutazama, akauliza swali moja: "Mko wazima?" Akatupa kamba, tukafunga puani mwa boti, akatuvuta taratibu mpaka Kibirizi. Na kule ufukweni, unajua mwenyewe. Yule nahodha wa magunia bado alikuwepo. Hakunicheka, alikuja kumshusha mama. Ningependa zaidi angenicheka.

Sasa sikiliza, maana ushahidi wangu uko hapa. Nilimuuliza nahodha wa mawese nimpe nini. Akakataa pesa, akasema, "Nipimie lita tano tu, nimechoma kwa kukuvuta." Mashine yake nayo ni ya kuchanganya, kwa hiyo mafuta yangu yalimfaa kama yalivyo. Nikampimia lita tano kutoka kwenye tenki lile lile, watu wanaona, na humo zikabaki kama 12. Niambie, shemeji: mafuta yaliyoisha yanapimwaje?

Jumatatu fundi akaifungua kabureta pale pale ufukweni, juu ya gunia. Kile kibakuli cha chini alipokimimina kilitoa kitu cha kijani kizito kama mlenda wa juzi, kina harufu ya rangi ya mlango. Akachomoa jeti kuu, akainyanyua kwenye jua, akanipa nichungulie. Giza. Akachukua waya wa umeme, akaumenya, akachomoa uzi mmoja mwembamba, akazibua, akaosha kwa petroli, akapuliza kwa mdomo. Akanipa tena. Safari hii kulikuwa na nukta ya mwanga. Nukta ile ndiyo ilitupeleka nusu ya njia ya Kongo.

Akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mashine ya kuchanganya, ikinyimwa petroli imenyimwa na oili, kwa sababu zinapita njia moja. Ningefanikiwa kuilazimisha kwa moto wote mpaka Mtanga, pistoni ingechemka ikagandia, na hapo ningekuwa nauza boti yenye pambo nyuma. Kwa hiyo ile kuzima ilikuwa nafuu. Akanionyesha na namna ya kuilaza: unachomoa mpira wa mafuta mashine ikiwa inawaka, unaiacha inywe iliyomo mpaka ijizimie yenyewe, kabureta inabaki kavu. Dakika chache tu.

Nikakumbuka Liemba. Wewe husema boti kuukuu ni aibu, na ile ni meli kongwe kuliko babu zetu, na bandari yake ni hapa hapa Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 maadui wasiichukue, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini. Watu walikuwa wanakimbia vita, wakapata nafasi ya kupaka grisi. Sisi tulikuwa na miezi mitatu ya mapumziko na hatukuchomoa mpira.

Kamba ya kuwashia sasa ni mpya. Kasia ni mawili. Skrubu ya hewa nimeipaka rangi nyekundu, na mpwa wangu ndiye mwenye cheo cha kuikagua, cheo ambacho kimempanda kichwani. Jumamosi iliyopita nilizunguka peke yangu, moto wote, kutoka Kibirizi mpaka Bangwe na kurudi, bila chafya. Nikamwambia mama. Akauliza kitu kimoja tu, kama mwavuli wake nimeurudisha, maana ule wali ulikuwa umeumwagikia.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo ni Mtanga, saa tatu. Nafasi yako ipo, katikati, karibu na tenki. Njoo na ile spana ya plagi. Uliichukua kisandukuni siku ile ile ya pipa, ukasema unafungulia jenereta ya saluni mara moja unairudisha.