Risala ya Kikundi cha Kufa na Kuzikana kwa Mzee Wetu Anayestaafu Kazi ya Mazishi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mzee wetu, Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa dini, ndugu wanajumuiya. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za jioni.

Mzee, kikundi chetu hapa Marekani kilianza kwa kuchangishana rambirambi. Pesa zilipatikana, aliyekosekana ni wa kutuelekeza. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba tangu 1984 kanuni ya serikali kuu inaitaka kampuni ya huduma za mazishi impe orodha ya bei yeyote anayefika kuulizia, aondoke nayo, hata kama hanunui kitu. Ni wewe pia uliyeshika pasipoti ya marehemu mkono huu na cheti cha kifo mkono huu, ukaona majina matatu yamekuwa mawili, ukakirudisha kikarekebishwe kabla mwili haujapelekwa uwanja wa ndege. Hilo lingekuja kugundulika Dar es Salaam, waliokwenda kupokea wangelia mara mbili.

Sasa unastaafu, na tumesikia unataka kuiacha leseni ijifie yenyewe siku ya kuihuisha ikifika. Hapo ndipo tuna neno.

Kila jimbo lina taratibu zake, lakini mengi yanamruhusu mstaafu kuomba leseni yake iwekwe katika hali ya kutotumika. Ikiwa hivyo, hutatia mwili dawa, hutasaini mikataba ya mazishi, wala hutajitangaza kuwa upo kazini. Si ndiyo kustaafu kwenyewe? Ila bodi ya jimbo inayotoa leseni inaendelea kukutambua, na mara nyingi saa za masomo ya kujiendeleza hudaiwi mpaka utakapotaka kurudi. Leseni iliyokufa miaka mingi ni habari nyingine: bodi inaweza kukurudisha kwenye mtihani, na sisi, mzee, hatutaki kukuona umebanana darasani na wajukuu.

Ombi letu ni kwamba uipigie bodi simu na ujaze fomu kabla leseni haijaisha muda. La pili, vijana wetu wanaosomea kazi hii waruhusiwe kuja kwako kuuliza. Kutoa ushauri wa kizee hakuhitaji muhuri. Nasi tunaahidi kutokukugongea usiku wa manane tukitaka utusainie karatasi, maana tutakuponza kisheria. Chai tutakuja kunywa.

Naomba kuwasilisha.